Saa 23 kwa Wiki: Hesabu ya Mfanyakazi Anayesoma Shahada ya Biashara

Anayetaka kusoma shahada ya biashara kwa njia ya mtandao bila kuacha kazi huulizia kwanza ada, na ni kweli ada ni jambo kubwa. Hata hivyo, kwa niliyoyaona, hesabu inayoamua kama mtu atamaliza au ataishia njiani ni ya saa. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), shahada ya kwanza haipungui krediti 360, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, yaani kusoma, kufanya mazoezi, kuandika kazi za kozi na kujiandaa kwa mitihani. Hizo ni saa 3,600. Ukizigawa kwa miaka mitatu unapata saa 1,200 kwa mwaka, ambazo ni saa 23 kila wiki, pasipo kuruka wiki ya Krismasi wala ya Idi. Kwa upande wa pili, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu mfanyakazi kufanya kazi hadi saa 45 kwa wiki kabla ya saa za ziada kuanza kuhesabiwa. Jumla yake ni saa 68, na hapo hujapanda daladala, hujapika, hujakaa na watoto wala hujakwenda msibani.

Mimi ni mtunza stoo katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza, na ni mwanafunzi wa Shahada ya Usimamizi wa Biashara katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Nimeamua kuandika kwa sababu wenzangu wengi kazini na mtaani wananiuliza kama jambo hili linawezekana, na jibu fupi la ndiyo haliwatoshi. Linawezekana kwa anayekubali mambo mawili: kwamba hatakwenda kwa mwendo wa mwanafunzi asiye na ajira, na kwamba kazi anayoifanya mchana itakuwa sehemu ya masomo yake, si kikwazo kinachomchelewesha kufika kwenye kitabu.

Chuo Kikuu Huria kilianzishwa kwa Sheria ya Bunge Namba 17 ya 1992, na wanafunzi wake wa kwanza walianza masomo mwaka 1994, chini ya Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza, Profesa Geoffrey Mmari. Kabla ya hapo nchi yetu ilikwisha kuzoea kumfuata mwanafunzi alipo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa ikiwafundisha watu kwa njia ya posta tangu miaka ya 1970, na makarani na walimu wengi wa kizazi cha wazazi wetu walipanda daraja kwa masomo yaliyokuja kwenye bahasha. Naikumbusha historia hii kwa sababu bado nakutana na watu wanaoamini kwamba shahada ya mtandaoni ni ugeni ulioletwa na simu janja, na kwa hiyo si shahada kamili. Kilichobadilika ni chombo cha kupeleka somo. Zamani ilikuwa bahasha, kisha vitabu vya moduli, na sasa ni jukwaa la Moodle, ambako mhadhiri anaweka maelezo, video na kazi za kufanya. Mtihani wa mwisho tunaufanya tukiwa tumekaa chumbani kwenye kituo cha mkoa, mbele ya msimamizi, kitambulisho kikiwa juu ya meza. Majirani zetu wa Kenya nao wamechukua njia hiyo: Chuo Kikuu Huria cha Kenya, chenye makao yake Konza, kilipewa hati ya kuanzishwa Agosti 3, 2023.

Turudi kwenye saa 23. Miongoni mwa tuliojiandikisha pamoja, niliwaona watu hodari, wenye akili kunizidi, wakichukua kozi zote za mwaka kama zilivyoorodheshwa kwenye ratiba ya miaka mitatu. Muhula wa kwanza walikwenda vizuri. Kisha ikaja miezi ya kufunga mahesabu kazini, au mtoto akaugua, au bosi akawahamishia tawi jingine, na zile saa 23 zikawa deni linalokua kila wiki. Mtu mwenye deni la wiki sita hasomi tena; anapekua mitihani ya miaka iliyopita akitafuta maswali yanayojirudia. Wengine waliacha kabisa, na sababu waliyoitoa ilikuwa kwamba masomo ni magumu. Siamini kwamba masomo ndiyo yaliyowashinda.

Ndiyo maana nilitandaza shahada yangu kwa miaka mitano. Saa 3,600 kwa miaka mitano ni saa 720 kwa mwaka, yaani karibu saa 14 kwa wiki, na hizo naweza kuonyesha mahali zinapokaa. Saa 5 ni za alfajiri, kuanzia saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili, Jumatatu hadi Ijumaa, kabla nyumba haijaamka. Saa 4 ni za Jumamosi alasiri, kwa sababu siku hiyo tunafunga mapema. Saa 3 ni za Jumapili jioni, na saa 2 zinagawanyika katika jioni mbili za katikati ya wiki, watoto wakishalala. Jioni zilizobaki siziwekei kitabu hata kidogo. Wako wanaonishauri nizijaze nazo ili nimalize mapema, lakini ratiba isiyo na nafasi tupu huvunjwa na msiba mmoja tu, na misiba haituarifu kabla ya kuja. Tena, kwa kuwa ada hulipwa kwa kadiri ya kozi ulizojiandikisha, mwendo huu wa polepole umeniwezesha kulipa kutoka kwenye mshahara na mchezo wetu wa wanawake wa mtaani, wa kuchangiana fedha kwa zamu, bila kukopa popote.

Alfajiri nimeipa masomo yanayotaka akili yote: uhasibu wa gharama, takwimu za biashara, hisabati ya fedha. Jioni, baada ya kutwa nzima ya kupokea malori, naweza kusoma sheria za biashara au uongozi wa rasilimali watu, lakini siwezi kulinganisha leja na nikaamini jibu nililolipata. Kila mtu ana saa yake ya kuwa na akili safi, na anayeanza masomo haya aijue ya kwake kabla hajajaza fomu ya kozi.

Kuhusu mwajiri nitasema kwa uwazi, kwa kuwa wengi hulificha jambo hili wakiogopa kuonekana wanajiandaa kuondoka. Sheria ile ile ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, lakini inamruhusu mwajiri kuamua lini ichukuliwe. Maana yake ni kwamba mwanafunzi anayesubiri ratiba ya mitihani itoke ndipo aombe likizo ana hatari ya kukuta wenzake wawili wamekwisha kupewa wiki hizo. Nilimwendea meneja wangu mwanzoni mwa mwaka, nikamweleza ninachosoma na miezi ambayo mitihani huangukia, nikaomba sehemu ya likizo yangu ipangwe humo, na tukaandikiana. Sikuomba upendeleo. Niliahidi, kwa maandishi, kwamba hesabu ya mali ya kila mwezi haitachelewa kwa sababu ya masomo yangu, na ahadi hiyo nimeitunza kwa sababu najua mfanyakazi mwingine atakayekuja kuomba kama mimi atapimwa kwa mwenendo wangu.

Vifaa sitavirefusha. Simu inatosha kusoma na kusikiliza, lakini kazi za uhasibu na takwimu zinataka kompyuta, hata iliyotumika, kwa sababu jedwali lenye safu nyingi halisomeki kwenye kioo cha inchi sita. Bando la usiku linapokuwa nafuu ndipo ninapopakua masomo ya wiki nzima. Wakati wa mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere haujaanza kuzalisha umeme Februari 2024, waliokuwa wamezoea kufungua jukwaa moja kwa moja kila jioni walipoteza wiki nyingi, na waliokuwa na maelezo kwenye karatasi waliendelea na taa ya chaji.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hasa ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu naliona ndilo faida kubwa ambayo mwanafunzi aliye kazini anayo na wengi hawaitumii.

Katika kozi ya usimamizi wa uendeshaji tulifundishwa kanuni ya kiasi nafuu cha kuagiza, yaani idadi ya bidhaa ya kuagiza kila mara ili gharama za kuagiza na za kuhifadhi kwa pamoja ziwe ndogo kabisa, ambayo chanzo chake ni mhandisi Mmarekani, Ford W. Harris, aliyeichapisha mwaka 1913. Kanuni inasema hivi: chukua mahitaji ya mwaka, zidisha kwa gharama ya kuagiza mara moja, zidisha kwa mbili, gawa kwa gharama ya kuhifadhi bidhaa moja kwa mwaka, kisha tafuta kipeuo cha pili. Tuchukulie duka linauza mifuko 4,000 ya aina fulani ya saruji kwa mwaka, kila oda inagharimu shilingi 50,000 katika simu, ufuatiliaji na vibarua wa kushusha, na kuutunza mfuko mmoja stoo kwa mwaka ni shilingi 400. Mbili mara 4,000 mara 50,000 ni 400,000,000. Gawa kwa 400, unapata 1,000,000. Kipeuo chake cha pili ni 1,000. Kwa hiyo duka liagize mifuko 1,000 kila mara, mara nne kwa mwaka.

Mwanafunzi ambaye hajawahi kuingia stoo ataishia hapo na atapata alama zake. Mimi nilipolipata jibu hilo sikuweza kulala nalo, kwa sababu oda nne kwa mwaka maana yake mfuko wa mwisho wa kila shehena unakaa stoo miezi mitatu, na ninayeishi na saruji najua inavyokuwa baada ya miezi mitatu katika mji ulio kando ya Ziwa Victoria wakati wa masika. Inavuta unyevu hewani, inaanza kushika pembeni mwa mfuko, na fundi akiibonyeza kwa kidole anairudisha. Kanuni ya Harris inachukulia kwamba bidhaa haiharibiki, tena kwamba mauzo yanakwenda sawasawa mwaka mzima. Vyote viwili si kweli dukani kwetu, kwa sababu watu hujenga zaidi kiangazi, na saruji inayosafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Wazo Hill, Dar es Salaam, tayari imekwisha kula siku kadhaa barabarani. Niliandika kazi yangu ya kozi juu ya hilo: kwamba gharama ya kuhifadhi isichukuliwe kuwa ileile mwezi wa Aprili na mwezi wa Julai. Mhadhiri hakukubaliana na kila nilichoandika, lakini aliniandikia maelezo marefu ya kunionyesha jinsi ya kuingiza hasara ya uharibifu ndani ya hesabu, na maelezo yale nimejifunza mengi kwayo kuliko sura nzima ya kitabu.

Somo la uhasibu likaja kulitimiza hilo. Tangu 2004 Tanzania inatumia viwango vya kimataifa vya uhasibu kwa uamuzi wa Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), na kiwango namba 2 kinataka bidhaa zilizoko stoo zithaminiwe kwa gharama yake au kwa kiasi kinachoweza kupatikana zikiuzwa baada ya kutoa gharama za kuziuza, kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kiwango hicho hakiruhusu tena njia ya kuhesabu kwamba bidhaa iliyoingia mwisho ndiyo iliyotoka kwanza. Kwa miaka nilikuwa nikiwaambia vibarua wapange mifuko mipya nyuma na ya zamani mbele, nikijua tu kwamba ndivyo saruji inavyokaa bila kuharibika. Sasa nikiandika taarifa ya mwezi ninaweza kumweleza mhasibu wetu kwa nini mifuko iliyoshika haiwezi kubaki kwenye vitabu kwa bei ya kununulia, na tunazungumza kama watu wa nyumba moja.

Kisha likafunguliwa Daraja la J.P. Magufuli, Juni 2025, linalovuka Ziwa kutoka Kigongo hadi Busisi kwa urefu wa takriban kilomita 3. Kabla yake, wateja wetu wa Sengerema na Geita walikuwa wakingoja kivuko, na anayengoja kivuko hanunui mifuko ishirini. Anajaza lori ili safari isirudiwe. Baada ya daraja nikaanza kuona kwenye kadi zangu za stoo jambo ambalo vijana wa mauzo walilisikitikia: wateja walewale wanachukua mzigo mdogo. Walidhani tunawapoteza. Nilikumbuka kanuni ileile, safari hii nikiitazama kwa upande wa mteja. Gharama ya kuagiza imo ndani ya kipeuo, kwa hiyo ikishuka hadi robo, kiasi cha kuagiza kinashuka hadi nusu na idadi ya oda inaongezeka mara mbili. Daraja limempunguzia mteja gharama ya kila safari, naye anafanya kile ambacho mtu mwenye busara angefanya, yaani kununua kidogo na kurudi mapema. Nilipojumlisha manunuzi ya mteja mmoja mmoja kwa miezi kadhaa badala ya kuangalia oda mojamoja, picha ilikuwa tofauti kabisa na ile waliyokuwa wakiihofia. Nilimpelekea meneja karatasi moja yenye maelezo hayo, na tangu hapo tunaweka gari dogo tayari kwa oda za upande ule.

Sitaki nieleweke kwamba kila kozi inapata ndugu yake kazini. Nadharia za uchumi mkuu nazisoma kama mtu yeyote mwingine, polepole, kwa Kiingereza kizito, nikirudia ukurasa. Hata hapo nina njia moja ninayoipendekeza kwa moyo wote: kumweleza mtu mwingine kwa Kiswahili ulichokisoma. Shemeji yangu anauza samaki Mwaloni, Kirumba, hajasoma biashara darasani, na hakuna mtahini anayenibana kama yeye. Nilipomweleza habari ya bei na uhitaji aliniuliza kwa nini basi dagaa hupanda bei siku za mbalamwezi hata kama wanunuzi hawajaongezeka, na ikanilazimu nirudi kwenye kitabu nisome vizuri kuhusu ugavi, kwa sababu wavuvi wa dagaa huvua kwa taa katika giza, na mwezi ukiwa mkubwa hawapati kitu.

Kikundi cha wanafunzi wenzako ni cha lazima, na kiwe kidogo. Vikundi vikubwa vya WhatsApp hujaa matangazo na hofu, hasa wiki ya mitihani, ambapo uvumi wa maswali yaliyovuja husambaa na kuwapotezea watu usiku mzima wa kusoma. Tuko wanne: karani wa benki, mwalimu wa sekondari, mwenye duka la dawa na mimi. Tunakutana kituoni mara chache na kwa simu kila Jumapili, kila mmoja akiwa na swali moja lililomshinda. Dada wa duka la dawa ndiye aliyenifundisha habari ya tarehe za kuisha muda kwa undani ambao hakuna kitabu chetu kilichoufikia, nami nikamfundisha hesabu ya mali.

Kwa wanaovutiwa na vyuo vya nje vinavyofundisha mtandaoni, na viko vya heshima, waulize mapema TCU kama shahada ya chuo hicho inatambuliwa, kwa kuwa ndiyo yenye mamlaka ya kutambua tuzo za nje. Wenye stashahada wanaotaka kuingia shahada ya kwanza nao wakague kama wastani wao wa alama (GPA) unafika 3.0, maana kwa wengi mlango hufunguka au kufungwa hapo. Haya ni maswali ya kuulizwa kabla ya kulipa hata shilingi moja.

Mwaka unaokuja nimejiandikisha kozi chache kuliko ninazoruhusiwa, kwa sababu ndio mwaka wa kazi mradi, na kazi mradi yangu itahusu mabadiliko ya oda za vifaa vya ujenzi kutoka Sengerema na Geita kabla na baada ya daraja. Meneja amekubali nitumie kadi za stoo kwa sharti kwamba majina ya wateja yasionekane na bei za kununulia zibaki ndani. Nimeanza kuzinakili alfajiri, kuanzia kadi za saruji, kisha nitakuja kwenye mabati na nondo, ambazo hazishiki unyevu kama saruji na huenda zikatoa jibu jingine.